Siku Kumi Nyuma ya Joe Bryant: Kutoka Rieti hadi Reggio Emilia

Simulizi hii imepangwa baada ya kurudi Dar es Salaam, kutoka kwenye daftari moja la safari, bahasha ya risiti na picha mia nne na ushee za simu. Ilikuwa Oktoba, tulikuwa wawili. Bei ni zile tulizolipa, kwa yuro, na nyingine zimekadiriwa pale risiti ilipofifia.

Jina la Bryant watu wengi wanalijua kwa mtoto, Kobe, nyota wa mpira wa kikapu. Njia tuliyoifuata ni ya baba. Joe Bryant, mzaliwa wa Philadelphia, mita 2.06, alichaguliwa namba 14 kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya 1975 ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Alicheza misimu 8: Philadelphia 76ers, San Diego Clippers, Houston Rockets. Mechi 606, wastani wa pointi 8.7. Mwaka 1983 NBA ikamalizana naye. Mwaka 1984, akikaribia miaka 30, alihamia Italia na mkewe Pam, mabinti wawili, Sharia na Shaya, na kitinda mimba Kobe aliyekuwa na miaka 6. Walikaa misimu 7, miji 4: Rieti (1984 hadi 1986), Reggio Calabria (1986 hadi 1987), Pistoia (1987 hadi 1989) na Reggio Emilia (1989 hadi 1991). Joe alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 69.

Mtu aliyecheza mechi 606 za NBA hakushindwa. Ila hata yeye hufikiwa na siku ambayo simu haiiti tena, na hapo huanza kazi ya pili ambayo wengi wetu hatuijui, kazi ya "pro", mchezaji wa kulipwa, wa kigeni katika mji mdogo. Kwetu mfano wa karibu ni Hasheem Thabeet, namba 2 kwenye drafti ya 2009, ambaye NBA ilipoisha aliendelea Japani na Taiwan. Kazi hiyo haieleweki kwa kusoma takwimu. Takwimu hazionyeshi mji mmoja uko mbali kiasi gani na mwingine, wala duka linafungwa saa ngapi, wala mtoto wa darasa la kwanza anaanzaje shule katika lugha asiyoijua.

Kabla ya kuondoka: viza ya Schengen ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike yuro 30,000. Omba miadi mapema, miezi miwili na zaidi. Ukiwa na ratiba ya miji minne, andika kila usiku utalala wapi. Ratiba yenye matundu ndiyo inayoleta maswali dirishani.

Siku ya 1, Ijumaa: Roma

Tulitua Fiumicino mchana kupitia Addis Ababa. Usipande treni ya haraka ya yuro 14 inayokwenda Termini kama basi lako la kesho linaondokea Tiburtina. Treni ya kawaida ya FL1 inafika Tiburtina moja kwa moja kwa yuro 8. Tulilala karibu na stesheni, chumba cha watu wawili yuro 75. Hakuna zaidi la kusimulia.

Siku ya 2, Jumamosi: Roma hadi Rieti, kilomita 80 hivi

Mabasi ya mkoa ya Cotral huondokea kando ya stesheni ya Tiburtina. Nauli ilikuwa chini ya yuro 6, karibu saa mbili njiani kupitia barabara ya Salaria, njia ya kale ya chumvi. Tiketi nunua kwenye kioski au kwa programu ya simu kabla ya kupanda. Nunua ya kurudi hapo hapo, na sababu utaiona kesho.

Rieti ni mji mdogo ndani ya bakuli la milima, mto Velino unapita chini ya kuta zake, na mlima Terminillo wa mita 2,217 unauangalia kutoka juu. Wenyeji wanasema hapa ndipo kitovu cha Italia, na wameweka alama yake kwenye uwanja wa San Rufo. Mtu akitoka Houston, mji wa mamilioni, akashushwa hapa, wiki ya kwanza lazima imlemee. Lakini mji huu ulikuwa umeshazoea Wamarekani kabla Joe hajafika.

Ukumbi wa mpira wa kikapu unaitwa PalaSojourner. Willie Sojourner alitoka Philadelphia vilevile, akacheza ligi ya ABA na New York Nets pamoja na Julius Erving, kisha akaja Rieti. Mwaka 1980 klabu ya mji huu ilitwaa Kombe la Korać, kombe la klabu za Ulaya, kwa kuifunga Cibona ya Zagreb, Sojourner akiwa nguzo ya kati. Miaka mingi baadaye alirudi mjini hapa, akafa kwa ajali ya gari mwaka 2005, na ukumbi ukapewa jina lake. Mji wa wakulima na mafundi umempa Mmarekani jengo lake kubwa kuliko yote ya michezo. Hilo peke yake linatosha kumtoa mtu Roma kwa siku moja.

Milango ilikuwa imefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mwanawe amalize mazoezi alituona tukipiga picha ukuta, akaingia ndani, akarudi na mtu wa funguo. Tulipewa dakika 20. Viti ni 3,500 hivi, mstari wa kwanza unakaribia kugusa uwanja. Ukikaa pale unamsikia mchezaji akivuta pumzi.

Hapa ndipo mahali pa kueleza jinsi "pro" anavyofika. Siku hizi mlolongo ni huu. Wakala anapeleka mkataba. Malipo yake kwa kawaida ni hadi asilimia 10 ya mshahara, na klabu ndiyo inayolipa. Mshahara unaandikwa halisi, kodi ikiwa juu ya klabu. Nyumba, gari na tiketi za ndege za kwenda na kurudi vinatajwa ndani ya mkataba kimoja kimoja. Shirikisho la nchi alikotoka linatoa barua ya kumwachilia, bila hiyo hachezi hata kama ameshatia saini. Kwa Italia inahitajika pia ridhaa ya kamati ya Olimpiki ya nchi, CONI, kisha viza ya kazi ya michezo. Akishaingia ana siku 8 za kazi za kuomba kibali cha ukaazi, fomu zake zinachukuliwa posta. Halafu vipimo vya afya. Hapo ndipo mikataba mingi hufia. Goti lenye jeraha la zamani likionekana kwenye picha, klabu inaweza kujitoa kabla hajavaa jezi. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili huja na majibu ya vipimo vya nyumbani mkononi, na hakubali kifungu kinachoacha siku za vipimo bila kikomo.

Enzi za Joe kulikuwa na jambo kali zaidi: kila timu iliruhusiwa wageni wawili tu. Katika misimu ya karibuni ligi kuu ya Italia imeruhusu watano au sita, kulingana na mfumo ambao klabu inauchagua. Ukiwa mmoja kati ya wawili, unatarajiwa kufunga kila Jumapili. Jumapili tatu mbovu zikifuatana, wakala wa mwenzako yuko kwenye simu na rais wa klabu. Kukaa misimu 7 bila kukatika, chini ya sheria hiyo, ni kazi kubwa.

Joe alibahatika pia kwa tarehe. Mwaka 1984 FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliingiza mtupo wa pointi tatu, mstari ukiwa mita 6.25 (leo ni 6.75). NBA ilikuwa imemtaka mtu wa mita 2.06 akae chini ya kikapu agombee rebaundi, mipira inayokosa kikapu, naye alikuwa mtu wa kupenda mpira mkononi, kudribu na kutupa kutoka mbali. Italia ilimruhusu. Uwanja una ukubwa unaokaribia ule wa Marekani, mita 28 kwa 15, ila mechi ni dakika 40, si 48, na zamani zile eneo la chini ya kikapu lilichorwa kwa umbo la trapeza, pana chini, hivyo mrefu asiyependa kusukumana alisogea nje bila kulaumiwa.

Chakula cha jioni kilikuwa tambi za amatriciana, yuro 10. Asili yake ni Amatrice, mji wa mkoa huu huu wa Rieti uliobomolewa na tetemeko la Agosti 2016. Angalizo kwa msomaji Mwislamu: mchuzi huo unapikwa kwa shavu la nguruwe. Sema "senza maiale" kabla hujaagiza, na ukiona wanasitasita, chukua tambi za nyanya na basili.

Siku ya 3, Jumapili: kukwama Rieti, kisha treni ya usiku

Asubuhi tulikwenda uwanja wa riadha wa Guidobaldi. Hakuna Mkenya anayepaswa kupita Rieti bila kuuona. Tarehe 29 Agosti 2010 David Rudisha alikimbia mita 800 hapa kwa 1:41.01, rekodi ya dunia ya wakati ule. Tarehe 1 Septemba 1996 Daniel Komen alikimbia mita 3,000 kwa 7:20.67, rekodi iliyosimama hadi 2024. Uwanja uko mita 400 na kidogo juu ya usawa wa bahari, umekingwa upepo na milima. Mlinzi alituacha tutembee mzunguko mmoja.

Kisha ikaja Jumapili yenyewe. Mabasi ni machache, na vioski vya tiketi vimefungwa. Simu zetu zote mbili zilikuwa zimeisha chaji, dereva hauzi tiketi ndani, na tiketi za kurudi hatukununua. Dada mmoja mwenye begi la chuo alitoa tiketi ya akiba kwenye pochi, akamwomba abiria mwingine atoe ya pili, akakataa sarafu zetu mara mbili, ya tatu akapokea.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mechi katika ligi ile. Mechi moja kwa wiki, mazoezi mara mbili kwa siku, chakula cha mchana nyumbani. Mlinganishe na NBA: mechi 82 ndani ya miezi sita, nusu yake ugenini, kulala hotelini. Baba aliyekuwa haonekani wiki nzima ghafla yupo mezani kila mchana. Ukitaka kujua Kobe alijifunzia wapi misingi ya mpira huu, anza na ratiba hii ya wiki.

Saa 5 usiku tulipanda treni ya usiku kutoka Roma kuelekea Sicilia, kitanda katika chumba cha watu wanne, yuro 60 na ushee. Weka kengele mbili. Kituo cha kushukia ni Villa San Giovanni, na baada ya hapo mabehewa ya treni hii huingizwa ndani ya feri kuvuka kwenda Messina. Ukipitiwa na usingizi utaamkia Sicilia.

Siku ya 4, Jumatatu: Reggio Calabria

Kutoka Villa San Giovanni kuna treni ndogo ya dakika 20 hadi Reggio Calabria. Kuna baridi ya bahari asubuhi, na ng'ambo ya mlango-bahari unaiona Messina kama unavyoiona Kigamboni kutoka Magogoni, ila mbali kidogo: upana mahali pembamba ni kilomita 3 tu. Anga ikiwa safi, Etna inaonekana ikitoa moshi.

Jumba la makumbusho lilikuwa limefungwa, kwa sababu ni Jumatatu. Panga siku zako ipasavyo.

Tuliutumia mchana kutafuta athari za klabu ya Viola, iliyoanzishwa 1966. Ukumbi mkubwa, PalaCalafiore, uko Pentimele kaskazini mwa mji, lakini ulifunguliwa 1991, Joe akiwa ameshaondoka miaka minne. Aliyeng'ara pale ni Manu Ginóbili, aliyechezea Viola kuanzia 1998 hadi 2000 kabla ya Bologna na San Antonio. Ukifuatilia kazi ya mchezaji wa zamani, angalia kwanza mwaka wa jengo. Watu wengi hupiga picha mbele ya ukumbi ambao mtu wao hakuwahi kuukanyaga.

Msimu wa Reggio Calabria ulikuwa mmoja tu, na ukitazama ramani unaona uzito wake. Mji uko kwenye ncha ya kidole cha nchi hii yenye umbo la buti. Safari ya ugenini kwenda miji ya kaskazini kama Varese inazidi kilomita 1,200 kwa barabara. Kwa timu ya Rieti, Roma iko jirani. Kwa timu ya hapa, kila safari ni ndege au usiku mzima barabarani, na mchezaji wa miaka 32 anaihisi kwenye mgongo Jumanne yake. Ndiyo maana leo mawakala wazuri huuliza kabla ya saini: timu inasafiri kwa nini, na inalala lini? Mshahara ukiwa mkubwa kusini na mdogo kaskazini, tofauti hiyo wakati mwingine inaliwa na barabara.

Kuna swali lingine la kusini na la kila ligi ndogo, mshahara kuchelewa. Mikataba ya leo ina ngao mbili. Ya kwanza ni kifungu kinachosema mshahara ukichelewa siku kadhaa, mchezaji ana haki ya kususa mazoezi, na zikiongezeka anaondoka huru na kudai fedha yote. Ya pili ni kutaja mahakama ya usuluhishi ya FIBA, BAT, iliyoanzishwa 2007. Kifungu hicho kisipoandikwa, kesi inakwenda mahakama za kawaida za nchi husika na mchezaji atasubiri hadi astaafu. Kikiandikwa, msuluhishi mmoja anaamua, na klabu isiyolipa inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji. Joe na wenzake wa miaka ile hawakuwa na ngao hiyo. Walitegemea neno la rais wa klabu.

Siku ya 5, Jumanne: Reggio Calabria bado

Makumbusho yakafunguliwa. Sanamu mbili za shaba za Riace, zilizotolewa baharini Agosti 1972, zinaangaliwa kwa makundi madogo. Unasimama kwanza dakika chache kwenye chumba cha kuchuja hewa, ndipo unaingia. Tulibaki tukizitazama hadi kundi letu likaitwa litoke.

Kando ya bahari mzee muuza matunda alitukatia bergamoti tuonje. Ni tunda la jamii ya ndimu na balungi, na sehemu kubwa ya bergamoti ya dunia inatoka pwani hii. Mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotia harufu chai ya Earl Grey. Alipojua tumefuata nini, alifunga meza yake kwa turubai, akatutembeza mitaa mitatu kuonyesha uwanja wa saruji ambako watoto wa enzi zile walicheza jioni. Vikapu viwili, kimoja hakina wavu. Tulilipa kilo ya machungwa tu, yuro 2.

Chakula: samaki upanga wa kuchoma, yuro 16. Soseji laini ya kupaka ya hapa, 'nduja, ni nguruwe na pilipili.

Siku ya 6, Jumatano: siku nzima relini

Reggio Calabria hadi Firenze kwa treni ya kasi, saa 7 hivi, yuro 59 kwa kuwa tulinunua wiki tatu mapema. Siku hiyo hiyo dirishani ilikuwa karibu maradufu. Firenze hadi Pistoia ni treni ya mkoa, dakika 45, yuro 5 na senti. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe muhuri kwenye mashine ya kwenye jukwaa kabla ya kupanda. Ya simu inahitaji kubonyezwa "check-in". Tuliona mtalii akitozwa faini kwa kutojua hilo.

Siku ya 7, Alhamisi: Pistoia na Cireglio

Huyu Joe wa Pistoia ndiye tuliyemwelewa kuliko wote. Mji umezungukwa na vitalu vya miti, mistari ya misonobari na mizeituni kwenye vyungu hadi upeo wa macho, na kiwanda cha mabehewa ya treni kiko ndani ya mji. Ukumbi, PalaCarrara, uko mtaa wa Fermi, mbali na makanisa na watalii, kati ya maghala. Hakuna sanamu wala tangazo kubwa.

Familia haikukaa mjini. Ilikaa Cireglio, kijiji cha mlimani juu ya Pistoia. Basi linapanda kwa kona kali kiasi cha nusu saa, nauli chini ya yuro 4, tiketi inanunuliwa duka la tumbaku. Yapo machache kwa siku, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi iliyobandikwa kituoni kabla hujaingia kijijini. Sisi tulikuta basi la saa 8 mchana halipo siku za shule, tukangoja la saa 10.

Kusubiri huko kulizaa mlo bora wa safari nzima. Oktoba ni msimu wa kastanya, njugu kubwa za miti ya misitu hii, ambazo wenyeji huzikausha na kusaga unga. Unga huo hukorogwa kwa maji na chumvi kidogo, ukachomwa kati ya sahani mbili za chuma kilichopata moto sana. Hutoka kitu kama chapati ya maji, rangi ya kahawia, utamu wa asili, kikaviringishwa na jibini laini ndani. Huitwa necci. Hakina nyama. Mama wa mgahawa alitupa viwili vya ziada vya njiani, akavifunga kwenye karatasi ya mkate.

Ukiwa umesimama pale unajiuliza kwa nini nyota wa timu aishi mahali pa baridi na kona namna hii. Jibu ni nyumba. Kifungu cha nyumba kwenye mkataba wa mgeni huamua mengi kuliko wanaotia saini wanavyodhani. Mtu wa peke yake anataka fleti karibu na ukumbi. Mwenye watoto watatu anataka vyumba, uwanja wa kuchezea, na jirani watakaowaangalia wazazi wakiwa kwenye mechi. Klabu ndogo haina fleti kubwa mjini, ila ina shabiki mwenye nyumba kijijini. Mchezaji akifika na fleti haina kipasha joto wala samani, kosa ni la mkataba ulioandika "nyumba" bila kusema vyumba vingapi, nani analipa umeme na gesi, na gari ni la aina gani. Mtu wa mita 2.06 kwenye gari dogo la Kiitalia huharibu goti mwezi wa kwanza.

Na shule. Watoto wa Bryant walisoma shule za Kiitalia, wakaongea Kiitalia kama wenyeji. Kobe aliendelea kukiongea mbele ya waandishi hadi mwisho wa maisha yake. "Mapro" wengi huacha familia Marekani, na msimu unapofika Januari, giza saa 11 jioni, upweke huwavunja kabla ya majeraha. Waliokuja na familia hudumu zaidi. Ukikaa saa mbili Cireglio bila basi, unalielewa hilo.

Siku ya 8, Ijumaa: reli ya Porrettana, Bologna, Reggio Emilia

Kutoka Pistoia kwenda kaskazini kuna njia mbili. Ya haraka hurudi Prato. Sisi tulichukua ya zamani, Porrettana, iliyofunguliwa 1864, inayopanda Apenini kwa handaki baada ya handaki hadi Porretta Terme, unabadili treni, unashuka Bologna. Ni njia nzuri ila haina uhakika. Mvua ikinyesha udongo huporomoka. Kipande kimoja kilikuwa kimefungwa tukawekwa kwenye basi, tukachelewa saa moja na nusu na kuikosa treni ya kuunganisha. Ukiwa na miadi upande wa pili, usiipande.

Bologna tulikuwa na saa tatu. Waitaliano huuita "Basket City", Virtus na Fortitudo zikigawana mji kama Simba na Yanga. Micheal Ray Richardson, aliyefungiwa na NBA mwaka 1986 kwa dawa za kulevya, alikuja Virtus mwaka 1988 na mwaka 1990 akawa nao wakitwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Milano nako Bob McAdoo, aliyekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 1975, alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya 1987 na 1988 akiwa na miaka 35 na 36. Hao ndio watu Joe aliokutana nao Jumapili alipopanda hadi klabu ya Reggio Emilia. Anayeiita ligi ile ya wastaafu aangalie majina hayo kwanza.

Bologna hadi Reggio Emilia ni dakika 45, yuro 7 na kitu. Angalia unashuka wapi. Treni za kasi husimama Mediopadana, stesheni nyeupe ya mawimbi iliyochorwa na Santiago Calatrava, kilomita 4 nje ya mji. Treni za mkoa hushusha katikati.

Siku ya 9, Jumamosi: Reggio Emilia na Montecavolo

PalaBigi uko mtaa wa Guasco, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka stesheni ya katikati. Mbele yake kuna kibao cha mtaa: Largo Kobe e Gianna Bryant. Mji uliupa mtaa jina la Kobe na bintiye baada ya ajali ya helikopta iliyowaua tarehe 26 Januari 2020. Chini ya kibao tulikuta jezi mbili za watoto zimefungwa kwenye nguzo, moja namba 8, moja 24, namba alizovaa Kobe, zimepauka kwa jua.

Hapa Kobe alikuwa na miaka 11 hadi 13. Wakati wa mapumziko ya mechi za baba yake alikuwa akiingia uwanjani kutupa mpira hadi atolewe. Alicheza katika timu za watoto za mji, na tofauti na Marekani ni hii: klabu ya Italia ina matawi ya watoto chini ya paa moja na wakubwa, makocha walewale, ukumbi uleule. Watoto wa miaka 10 hufundishwa kusimama, kugeuka kwa mguu mmoja na kupasi kwa mikono yote miwili kabla ya kuhesabiwa pointi. Tulitazama mazoezi ya saa moja na nusu kutoka jukwaani, hakuna aliyetuuliza. Dakika 25 za kwanza hakuna mpira uliotupwa kikapuni.

Mchana tulipanda basi la nusu saa hadi Montecavolo, kijiji cha wilaya ya Quattro Castella ambako familia iliishi. Mashamba ya mizabibu, vilima vinne, baa moja. Bwana mmoja aliyekuwa akicheza karata alituonyesha njia ya kwenda uwanja wa nje, kisha akalipa kahawa zetu kabla hatujafika kaunta. Nyumba yenyewe hatukuitafuta. Kuna watu wanaishi humo.

Erbazzone, pai ya mboga za majani na jibini la Parmigiano, ni yuro 2.50 kipande, inashibisha. Uliza kama wametia mafuta ya nguruwe, mara nyingi wanatia. Tortelli za mchicha kwa kawaida hazina.

Siku ya 10, Jumapili: kurudi Roma

Treni ya kasi kutoka Mediopadana hadi Roma, yuro 49, kisha FL1 hadi Fiumicino. Jumla kwa mtu mmoja, bila ndege na viza: usafiri yuro 240 hivi, malazi usiku 8 yuro 285 (tukigawana chumba), chakula na viingilio yuro 300. Ukiondoa treni ya usiku ukalala Roma, ongeza 20.

Mwenye siku mbili zaidi na aendelee Mulhouse, Ufaransa, kupitia Milano na Basel, treni zote za mchana. Ndiko Joe alikocheza msimu wa 1991 hadi 1992, wa mwisho Ulaya. Miaka minne baada ya hapo mtoto alichaguliwa namba 13, nafasi moja mbele ya baba. Kutoka Basel, vuka upande wa Ufaransa wa stesheni ile ile. Treni za Mulhouse zinaondokea majukwaa ya mwisho na hazihitaji nafasi kuwekwa.